Meno ya Mpiga Saksafoni

Kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia. Nimeifanya Durban kwa miaka mingi sasa, katika chumba kisicho na dirisha nyuma ya kliniki moja ya Berea, na wengi wanaovaa kazi ya mikono yangu hawajapata kuniona. Daktari huchukua chapa ya kinywa akaniletea. Mimi humwaga plasta, huchonga nta, hupika plastiki, husugua mpaka ing'ae, kisha humrudishia. Nilikuja kutoka Kenya kusomea kazi hii nikikusudia kurudi, sikurudi. Sina kisa kikubwa cha kueleza kwa nini. Kazi ilikuwepo, chumba cha kupanga kilikuwepo, na Jumapili kulikuwa na muziki.

Muziki wenyewe ulikuwa jazi, na ulipigwa katika ukumbi wa matofali mekundu ulio nyuma ya kanisa nilikosali. Mara ya kwanza nilitoka ibadani nikasikia piano, nikafikiri kwaya imebaki kufanya mazoezi. Nilipochungulia nikakuta watu wazima wameketi kimya kwenye viti vya plastiki, wamevaa kama waendao harusini: wazee waliostaafu bandarini, viatu vyao vya rangi mbili vimeng'arishwa, wauguzi na walimu wa zamani wenye kofia za ukingo mpana, kila mmoja na chakula chake alichokuja nacho. Mwanamke mmoja alinisogezea kiti bila kuniuliza mimi ni nani. Nikakaa, na kwa namna fulani sijaondoka tangu siku hiyo.

Jazi haikosekani Durban. Iko kwenye hoteli za ufukweni, ambako watatu hupiga huku wageni wakila samaki bila kuinua macho. Iko chuo kikuu, ambako vijana hupiga vizuri sana, halafu huhamia Johannesburg au ng'ambo. Ukumbi wetu ulikuwa wa waliobaki. Hapo mtu akishika zamu ya kupiga peke yake, anayezungumza hutazamwa mpaka anyamaze. Wimbo ukimgusa mtu huinuka akacheza polepole mahali alipo, hana haja ya mwenzi.

Aliyeuongoza ukumbi huo alikuwa mama wa Kizulu aliyepita miaka sabini, mpiga piano, aliyefundisha muziki shuleni maisha yake yote. Tulimwita Thisha, yaani mwalimu, kwa sababu nusu ya waliokuwa mle ndani walikuwa wanafunzi wake wa zamani. Na aliyenifanya nirudi kila Jumapili alikuwa mpiga saksafoni wake, Mkongo wa Bukavu, mtu wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mwenye suti moja ya kijivu. Siku za kazi alikuwa akibadilisha vioo vya simu kwenye duka la shemeji yake kule Point, mtaa wa karibu na bandari. Sisi wasemaji wa Kiswahili tulimwita Papa, kama desturi yao ilivyo.

Sijui kueleza muziki, lakini sauti ya Papa nitajaribu. Ilikuwa na uzito chini na ukwaru kidogo juu, na hakuwa na haraka. Alikuwa akipiga maneno machache, anangoja, kana kwamba amekuuliza jambo na anataka kusikia utasema nini. Mwaka ule nilikuwa nimempoteza mama yangu nyumbani na sikuweza kwenda kumzika. Nililia mara moja tu, na nililia pale ukumbini wakati Papa anapiga, na hakuna aliyenigeukia.

Basi siku moja nikasikia sauti yake mapokezi ya kliniki. Nilitoka chumbani kwangu na aproni yenye vumbi la plasta, nikamkuta ameshika kitambaa mdomoni. Sukari ilikuwa imemshika miaka mingi na fizi zake zilikuwa zimeoza taratibu. Meno manne ya mbele, ya juu, yalikuwa yakitikisika. Hayo ndiyo meno ambayo mpiga saksafoni huyaegemeza juu ya kinywa cha chombo chake. Alikuwa amepiga miezi kadhaa akimeza damu, na hakumwambia mtu.

Alifurahi kuniona. Kiingereza chake kilikuwa cha dukani, cha bei na aina za simu, akaniomba niingie naye kwa daktari nimtafsirie. Niliingia, kama nilivyowahi kuingia na wengine wachache.

Daktari alimkagua, akatazama picha za mifupa, akazungumza kwa muda mrefu. Alisema kuna njia mbili. Ya kwanza, kuyafunga yale meno kwa waya mwembamba upande wa nyuma, yashikane na majirani yaliyo imara. Yangeweza kudumu miezi sita, pengine mwaka, pengine zaidi, hajui. Ya pili, kuyang'oa na kuweka ya bandia. Kuhusu saksafoni alisema wazi kwamba hajawahi kumtibu mtu apulizaye, na hawezi kusema kinywa kitaipokeaje. Akashauri mgonjwa aende akafikiri, aulize wapigaji wengine, kisha arudi.

Papa akanigeukia na Kiswahili chake cha Kongo, chenye Kifaransa ndani. "Mama, docteur anasema nini?"

Nikamwambia, "Anasema meno hayatapona. Yang'olewe, uwekewe mengine. Nitakayeyatengeneza ni mimi. Utapiga kama kawaida."

Daktari alitikisa kichwa kukubali Kiswahili asichokielewa. Papa akafumba macho, akapumua, akasema sawa.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilifanya vile. Kwa muda mrefu nilijiambia kwamba nilifupisha kwa huruma, kwamba mtu mwenye maumivu hahitaji mzigo wa "pengine" na "sijui". Kuna ukweli humo. Lakini kuna ukweli mwingine chini yake, nao si mzuri. Nilikuwa fundi niliyefungiwa chumba cha nyuma, na niliona kazi yangu ikiingia katika sauti ile. Niliitaka kazi ile. Neno "waya" lilinifika ulimini nikalimeza.

Meno yaling'olewa wiki iliyofuata. Nilimtengenezea manne juu ya bamba la plastiki linalobandikwa kwenye kaakaa, na nilijitahidi kuliko nilivyowahi kujitahidi. Nilimpa hata ule upinde mdogo aliokuwa nao kwenye jino la kushoto. Alipojitazama kwenye kioo alicheka, akasema mke wake atadhani amerudishiwa bwana wa zamani.

Miezi miwili baadaye alipanda tena jukwaani. Wimbo wa kwanza ulikwenda. Katika wa pili, alipofika juu, sauti ilikatika, ikarudi, ikakatika tena. Nilijua kilichotokea kabla hajashusha chombo: kinywa cha saksafoni kilisukuma meno mbele, bamba likainuka nyuma. Alijifuta midomo, akaenda kukaa. Watu walipiga makofi ya adabu, na katika ukumbi ule makofi ya adabu ni mabaya kuliko ukimya.

Alikuja chumbani kwangu siku iliyofuata na saksafoni yake. Nilirekebisha bamba, akapuliza. Nikasugua, akapuliza tena. Baada ya saa nzima halikuinuka tena. Masikioni mwangu mimi sauti ilikuwa ile ile, nikamwambia hivyo. Akakaa kwenye kigoda, chombo mapajani.

"Haiko yangu," akasema. "Iko mbali. Ni kama mutu anapiga mu chumba ingine, na mimi niko mulangoni nasikiliza."

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo fundi mwenye busara angeuliza mapema. Jino la mtu limeota katika mfupa. Mpigaji akiegemeza meno yake juu ya chombo, mtetemo hupanda kwenye mfupa mpaka sikioni, na sauti anayoisikia inatoka ndani ya kichwa chake mwenyewe. Plastiki yangu ililala juu ya nyama. Nilikuwa nimemfungia mlango, na hakuna kusugua kungeufungua.

Aliacha kupiga. Niliyasikia mengine kwa mke wake, ambaye alikuwa na saluni ndogo Point, mlango wa pili kutoka duka la simu. Alikuwa akinisuka tangu zamani. Siku hiyo alikuwa amenishika kichwa, anasuka mstari wa nyuma, nami sikuweza kugeuka kumtazama.

"Amefungia ile chombo mu kabati," alisema polepole. "Asubui anaamuka, anaangalia kabati, anaenda kazi. Bwana yangu hakukuwaka mutu wa kunyamaza."

Hakunilaumu. Aliendelea kusuka, akaniuliza kama kamba inavuta sana. Nilisema hapana, ingawa ilivuta.

Papa aliendelea kuja ukumbini, kwa sababu, alisema, Jumapili ni ndefu mno. Alikaa nasi kwenye viti, kando yangu. Sasa katika nyimbo zao kulikuwa na mmoja alioutunga yeye, na katikati yake kulikuwa na zamu yake ndefu ya kupiga peke yake. Thisha hakuuondoa wimbo ule wala hakumpa mtu mwingine ile zamu. Walipofika pale, besi iliendelea kutembea, ngoma ikapigwa kwa brashi, piano ikarudi chini kabisa, na juu yao hapakuwa na kitu. Waliipitia zamu nzima hivyo hadi mwisho wake, kisha wakarudi kwenye wimbo. Jumapili ya kwanza wazee waliinamisha vichwa. Jumapili ya pili mwanamke mmoja alijifuta macho. Jumapili ya tatu Papa aliinuka akatoka nje.

Alimngojea Thisha mlangoni baada ya muziki. Sikuwapo karibu, aliniambia mwenyewe tulipokuwa tukishuka mlima kutoka kanisani. Alimwuliza kwa nini wanamzika naye yungali hai. Thisha akamjibu kwamba ile nafasi si yake, ni ya wimbo. Yeyote mwenye la kusema anaweza kusimama pale, na mpaka sasa hajamwona. Papa alikasirika. Alikasirika mpaka tukafika kwenye robot, taa za kuvukia barabara, na taa ikawaka kijani tusivuke. Kisha akaniambia, bila ukali wowote, kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipoacha ufunguo, "Mais mama, we uliniambia nitapiga kama kawaida."

Taa ikabadilika tena.

Siku mbili sikulala vizuri. Siku ya tatu, saa ya chakula, niliteremka Point, nikamwomba shemeji yake amruhusu kidogo, tukaenda kukaa kwenye ukuta mfupi mahali meli zinapoingilia bandarini. Kulikuwa na upepo. Nilimwambia yote. Nilimwambia daktari alisema nini, neno kwa neno kadiri nilivyokumbuka, na mimi nilisema nini.

Meli ya makontena ilikuwa ikivutwa ndani, na aliitazama mpaka ikapita.

"Alisema waya?"

"Alisema."

"Ya muda gani?"

"Miezi sita, pengine mwaka. Alisema hajui."

"Na juu ya saksafoni?"

"Alisema hajui."

Akatikisa kichwa mara kadhaa. Nilingoja anitukane, na ningeshukuru. Aliinuka, akakung'uta suruali, akasema wateja wanamngoja. Jumapili iliyofuata hakuja ukumbini, wala iliyofuata hiyo.

Nilikwenda pia kwa daktari nikamweleza. Hakupandisha sauti. Aliuliza kama kuna wagonjwa wengine niliowafanyia hivyo, nikasema sijui hakika, na kusema hivyo kuliniumiza kuliko yote, kwa sababu ilikuwa kweli. Akasema kuanzia siku hiyo nikitafsiri, nitatafsiri sentensi baada ya sentensi, na mgonjwa atarudia alichoelewa. Kisha akaniuliza kama kuna linaloweza kufanyika kwa mzee yule. Nilikuwa nimelifikiria. Fremu ya chuma, nyembamba, isiyolala juu ya nyama tu bali ishike meno imara ya pembeni yaliyobaki, ili mtetemo upate njia ya kupita. Nilikuwa bado na plasta ya kinywa chake kwenye rafu. Daktari alikubali tujaribu, lakini akataka mgonjwa aje na mkalimani wake mwenyewe.

Alikuja na mke wake. Mimi nilibaki chumbani kwangu, mlango wazi kidogo, mikono kwenye meza. Nilimsikia daktari akisema kwa Kiingereza, na mama yule, aliyejifunza Kiingereza chake kwa wateja wa saluni, akiuliza tena na tena mpaka ashike. Halafu nikamsikia akimwambia mumewe kwamba docteur anasema hii ya chuma inaweza kusaidia, inaweza isisaidie, hajui.

"Hajui kabisa?" Papa akauliza.

"Hajui."

Nilisikia kiti kikilia.

"Bon," akasema Papa. "Aweke."

Ile fremu niliitengeneza kwa wiki tatu, nikaiharibu mara mbili nikaanza upya. Hakuingia chumbani kwangu kuijaribu, aliijaribia kwa daktari. Thisha alikuwa ameshamtumia ujumbe kwamba zamani, enzi za kumbi za bandarini, alipiga na mzee asiye na jino hata moja, ambaye alikunja midomo yote miwili ndani, juu na chini, akaegemeza chombo kwenye nyama tupu. Sauti ilikuwa laini zaidi, alisema, na ilichukua mwaka kuipata. Mke wake aliniambia kwamba Papa amekitoa chombo kabatini na anapiga noti moja tu kila jioni baada ya kazi, ile ile, dakika ishirini, mpaka majirani wa juu wakauliza kama ni king'ora.

Sikuhesabu miezi. Jumapili moja nilifika ukumbini nikaiona suti ya kijivu. Hakuniangalia. Alikaa pembeni ya ngoma na chombo chake, akaziacha nyimbo tano zipite. Walipouanza wimbo wake alisimama, na zamu ilipofika, hakuanza. Besi ilitembea, brashi zikapita, nusu ya nafasi ikaenda tupu kama tulivyozoea. Kisha akapiga.

Nitasema kweli: haikuwa sauti ile. Ukwaru wa juu ulikuwa umeondoka. Ilikuwa ya chini, yenye pumzi nyingi ndani yake, na alipiga noti chache kuliko hata zamani. Mara moja alikosea, akasimama, akaanza tena. Baadhi ya wazee walisema baadaye kwamba hajawahi kupiga vizuri vile. Mmoja, aliyemsikiliza miaka yote, aliondoka kabla ya mwisho na hakurudi Jumapili nyingi. Mimi sikuweza kupima. Nilisikia kazi ya mikono yangu ndani ya sauti ile, kama nilivyotaka siku ile ya kwanza, na nilitamani nisiisikie.

Alipomaliza hakuna aliyepiga makofi mara moja. Thisha alirudia mwanzo wa wimbo peke yake, polepole, akaufunga.

Wakati wa kula Papa alikuja akakaa kwenye kiti kilicho kando yangu. Nilimwuliza kama sasa anaisikia sauti yake.

"Kidogo. Iko karibu," alisema. "Mais karibu haiko nyumbani."

Nikamwambia kwamba naomba anisamehe. Sikuwa nimelisema neno hilo kule Point. Nilikuwa nimeeleza tu.

Alitafuna chakula chake kwa upande mmoja, kama nilivyomfundisha. "Ungeniambia, ningechagua waya," akasema. "Labda leo ningekuwa bila meno, bila waya, bila kitu. Labda ningekuwa bien. Siwezi kujua, na we huwezi kujua. Lakini mama, ilikuwa ya kwangu kuchagua."

Hakusema amenisamehe, na sikumwuliza tena. Alinipa kipande cha kuku kutoka chombo cha mke wake.

Hayo ni ya miaka michache iliyopita. Kliniki bado huniita kutafsiri, maana Point imejaa watu wetu. Juzi alikuja mwimbaji wa kwaya, dada wa Kitanzania, jino lake la mbele limevunjika, akaniuliza kama ataweza kutamka maneno ya nyimbo vizuri. Nilimtafsiria daktari sentensi baada ya sentensi. Aliponisihi, akaniuliza mimi mwenyewe kama fundi ninaonaje, nilimwambia sijui. Alikasirika kidogo. Alikwenda kufikiri, na bado hajarudi.

Papa hupiga nyimbo mbili tu kila Jumapili, hawezi zaidi. Katikati hushuka, huja kwenye safu yetu, huyatoa meno yake mbele ya watu wote, huyasuuza katika kikombe cha maji, huyafuta kwa leso safi. Mwanzoni watu waligeuza nyuso. Sasa yule mwanamke aliyenipa kiti siku ya kwanza ndiye humshikia kikombe. Akiona yuko tayari huyarudisha, huyabana kwa kidole gumba mpaka yalie kwa kushika, kisha hurudi kwa Thisha, ambaye vidole vyake vimeanza kuvimba na humngojea akigusa noti mbili tatu tu.